Ulinzi shirikishi shehiani: tuanzie wapi kabla ya karafuu kuanikwa?

Mkaazi wa Micheweni

Assalaam aleikum. Shehia yetu iko Wilaya ya Micheweni, Pemba, vijiji vitatu, nyumba kama 210. Upande mmoja barabara ya lami, upande wa pili mikoko na bandari bubu mbili, yaani zisizo rasmi. Ng'ombe wanachinjwa makondeni usiku, asubuhi mwenyewe anakuta kichwa na utumbo. Nazi na mihogo ndiyo usiseme. Karafuu zikianza kuanikwa itakuwa balaa zaidi.

Sheha ameitisha mkutano wiki ijayo kuanzisha ulinzi shirikishi. Vijana 40 wameshajiandikisha. Nataka kujua: utaratibu unaanzia wapi ili usije ukaitwa jeshi la mitaani, zamu zipangwe vipi, fedha zishikwe na nani, na kwa nini vikundi vingi vya aina hii hufa baada ya miezi miwili au mitatu?

Katibu Mstaafu

Waaleikum salaam. Anza na nani ana kazi gani, maana mikutano mingi huharibikia hapo. Sheha anateuliwa na Mkuu wa Mkoa, na usalama wa shehia ni jukumu lake kwa Sheria ya Mamlaka ya Tawala za Mikoa Namba 8 ya 2014. Diwani anachaguliwa na yuko upande wa halmashauri: taa, njia, taka. Mkitaka taa ya sola njia panda mwambieni diwani. Mkitaka doria, ni sheha na polisi. Ukichanganya hayo mkutano mzima utakwisha kwa kugombana kwa nini barabara ina mashimo.

Utaratibu wenyewe si mrefu. Mkutano wa wananchi uandikwe muhtasari na mahudhurio yatiwe saini. Sheha na washauri wake wapitishe orodha ya vijana jina kwa jina: umri, kijiji, namba ya kitambulisho, namba ya simu na jina la mzee wa kumdhamini. Orodha na muhtasari vipelekwe kwa mkuu wa kituo cha polisi mnachoripoti, na nakala ofisi ya Mkuu wa Wilaya. Polisi wa shehia awepo siku ya kwanza awaeleze mipaka yao. Msianze doria kabla karatasi haijapokewa na kugongwa muhuri kwenye nakala yenu. Nakala hiyo ikae ofisini kwa sheha, isikae mfukoni mwa kiongozi wa vijana.

Hao 40 wachujwe. Kijana mwenye kesi, au anayejulikana kwa unga wa kulevya, hata akiwa mtoto wa mjumbe, atolewe mapema. Mzee mdhamini ndiye ataulizwa, kwa hiyo mara nyingi mzee mwenyewe atakataa kutia saini na mtasalimika na lawama.

Hesabu ya Zamu

Tuseme mmebaki na 36. Watu hugawa makundi sita ya watu sita, kila usiku kundi moja, basi. Hesabu inakaa sawa lakini nguvu inakwenda pasipohitajika. Fuateni mwezi wa Kiislamu.

Wengi wanadhani kiza kinaanza mwezi 20. Kwa doria si hivyo. Mwezi 22 mbalamwezi hutoka karibu na usiku wa manane, kwa hiyo saa 7 mpaka saa 10 kuna mwanga. Kiza cha saa hizo ni kuanzia mwezi 25, ambapo hutoka usiku umekwenda sana tena mwembamba, hadi mwezi 8, ambapo unatua kabla ya manane au hapo hapo. Na mwizi wa ng'ombe anazihitaji saa hizo: lazima achinje, achune, na nyama iondoke kabla watu hawajatoka kwa sala ya alfajiri.

Kwa mwezi wa siku 30 kiza hicho ni usiku 14. Wekeni watu 8 katika usiku huo na watu 4 katika usiku 16 wa mbalamwezi. 112 na 64 ni 176, gawa kwa 36, kila kijana anatoka kama usiku tano kwa mwezi. Mkitoa sita sita kila siku ni 180, yaani jasho ni lile lile lakini usiku mzito unabaki mwepesi.

Watu 8: wanne wakae njia panda ya lami, wanne watembee. Asitembee mtu peke yake. Wapokezane kila saa mbili. Muda saa 5 usiku hadi saa 11, na wasiondoke mpaka adhana ya alfajiri, maana wengi huchoka saa 9 wakaenda kulala, na wezi wanalijua hilo.

Vifaa: kurunzi za kuchaji mbili kwa kila kundi, filimbi kila mtu, vizibao vya kung'aa, bakora, daftari moja na kalamu. Panga lisitoke nyumbani. Alama za filimbi ziwe mbili tu: mlio mrefu mmoja "njooni", mifupi mitatu "sisi ni wenzenu". Mkiweka alama tano hakuna atakayezikumbuka akiwa anakimbia gizani.

Diko la Kaskazini

Mhesabu wetu hapo juu amepiga vizuri lakini kasahau bahari. Usiku huo huo wa kiza ndio wavuvi wa dagaa wanatoka na taa zao. Mbalamwezi ikiwepo wanapumzika. Sasa vijana wa doria watakutana na watu saa 8 usiku wamebeba ndoo na madumu, wawapige filimbi, na ugomvi wa kwanza wa kikundi utakuwa na wavuvi badala ya wezi. Mchukueni bwana diko, msimamizi wa pwani wanakoshukia wavuvi, kwenye kamati. Kila jioni ampe kiongozi wa zamu majina ya vyombo vinavyotoka na nahodha wake. Karatasi moja inatosha.

La pili, maji. Bandari bubu za mikokoni hazipitiki kila saa. Bamvua, yaani maji makubwa, ni mwezi mosi na mwezi 15, na kwetu bamvua hujaa kama saa 10, alfajiri na jioni. Chombo kilichobeba kitu kizito kinataka maji hayo kutoka kwenye mkono wa bahari ulioingia mikokoni. Kwa hiyo usiku wa mwezi 29 hadi mwezi 3 una vyote viwili, kiza na maji ya alfajiri. Wale wanne wanaotembea wawe upande wa bandari kuanzia saa 8, siyo barabarani. Maji mafu, mwezi 7 na 8 au 22 na 23, yanajaa kama saa 4 na hayapandi sana. Hapo rudini barabarani, mzigo utakwenda kwa gari.

Mkiona mashua inapakia magunia ya karafuu usiku msiikaribie. Andikeni saa, rangi, mashine au tanga, imeelekea wapi, mpigieni polisi. Magendo ya karafuu yana watu wenye fedha nyuma yake, si kazi ya kijana mwenye bakora.

Mkaazi wa Micheweni

Ahsanteni sana, hili la maji na mwezi halikutupitikia kabisa. Je, tukimkamata mtu na ng'ombe mkononi? Kuna wazee wanataka atozwe faini pale pale barazani, alipe ng'ombe na nusu, yaishe. Wanasema polisi kesi inakufa.

Bi Mwanasheria

Ndugu yangu, kesi inakufa kwa sababu ya mambo yanayofanyika kabla haijafika polisi. Sheria ya Mwenendo wa Jinai Namba 7 ya 2018 inamruhusu raia kumkamata anayetenda kosa, lakini amkabidhi kwa polisi bila ya kuchelewa. Kumfunga mpaka asubuhi ili wazee wamhoji ni kosa jipya, na safari hii watuhumiwa ni nyinyi. Akipigwa, wakili wake ataanza na PF3 yake, fomu ya polisi ya majeruhi, kabla hata ng'ombe hajatajwa. Na faini ya barazani haina msingi: sheha anasuluhisha magomvi ya majirani, hahukumu wizi.

Fanyeni hivi. Mtu mmoja apige 112 au kituoni, mwengine aandike kwenye daftari: saa, mahali, nani walikuwepo, ameshika nini, amevaa nini. Wawili tu wamshike, wengine wakae mbali. Kamba, kisu, gunia, ngozi, viachwe vilipo. Mpige picha kwa simu kabla polisi hawajafika, picha moja ya mbali inayoonesha konde na moja ya karibu. Watu hupenda kuokota kisu na kukipitisha mikono kumi wakikishangaa. Baada ya hapo nguvu yake mahakamani inapungua. Mwenye ng'ombe aende kituoni siku hiyo hiyo akachukue namba ya RB, yaani ya taarifa aliyoandikisha polisi, na namba hiyo iandikwe kwenye daftari la doria. Halafu mashahidi wawili walioona waandike maelezo yao. Kesi nyingi za wizi wa mifugo hufutwa kwa shahidi kutofika mahakamani, naye hafiki kwa sababu ya muhali: mshitakiwa ni mtoto wa shangazi yake. Teueni mtu wa kamati afuatilie tarehe za kesi na nauli ya mashahidi, la sivyo wazee watasema tena "si tuliwaambia".

Jambo moja nje ya swali lako, kwa sababu litakuja tu. Doria ikikuta au ikiletewa kesi ya udhalilishaji wa mtoto au mwanamke, isikae barazani hata dakika moja. Aliyedhalilishwa asikogeshwe, nguo zake ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, siyo wa plastiki kwani unyevu unaharibu ushahidi, na apelekwe Kituo cha Mkono kwa Mkono hospitalini pamoja na mwanamke anayemuamini. Jina lake lisiandikwe kwenye daftari la zamu linalosomwa na vijana 36.

Mshika Stakabadhi

Kwenye fedha ndipo vikundi vinapofia. Nyumba 210 kwa shilingi 1,000 kila mwezi ni 210,000 kwenye karatasi. Pangeni kwa nusu, 105,000. Chai na mkate, tuseme shilingi 500 kwa mtu, kwa zile zamu 176 ni 88,000. Zinabaki 17,000 za vocha na kutengeneza kurunzi. Hapo posho haimo. Mwambieni kijana ukweli huo siku ya kwanza, kwa sababu akiahidiwa posho isiyokuwepo atajilipa mwenyewe kwa nazi za watu.

Namba ya simu ya kupokelea fedha isiwe ya mtu mmoja anayeijua namba ya siri peke yake. Kama hamna akaunti ya kikundi, mshika fedha atoe ripoti ya salio kila Ijumaa mbele ya watu wawili wa kamati. Kitabu cha stakabadhi kiwe chenye kopi ya kaboni na namba zilizopigwa chapa. Kila mwezi karatasi moja ibandikwe nje ya ofisi ya sheha: zimeingia ngapi, zimetoka kwa nini, zimebaki ngapi. Wajane na wasiojiweza wasitajwe kwenye orodha ya wasiolipa. Andikeni "wamesamehewa 23" bila majina.

Na mchango usiwe sharti la kupata barua ya sheha. Hilo likianza tu, mtu aliyenyimwa barua ya kitambulisho kwa elfu moja ataenda kulalamika wilayani, naye atakuwa na haki.

Mfugaji

Nyote mnazungumzia kumkamata mwizi, ng'ombe mnamwacha konde la mbali amefungwa kamba. Nusu ya tatizo ni hapo. Usiku wa kiza, mwezi 25 hadi 8, ng'ombe warudishwe karibu na nyumba, hata kama malisho ni mabaya kwa siku hizo. Anayeshindwa amwambie kiongozi wa zamu konde gani.

Daftari la mifugo: rangi, pembe, alama ya sikio, kovu, picha ya pande mbili. Alama ya moto isiwe pajani peke yake, ngozi ndiyo wanayoondoka nayo. Ya sikio inabaki na kichwa. Mauziano yafanyike mbele ya sheha kwa hati yenye picha hiyo. Kisha mtembeleeni kila mwenye bucha na mama wa supu kwa upole, mumwambie nyama isiyokuwa na muhuri wa mkaguzi itaulizwa imetoka wapi. Soko likifungwa hata mwizi mvivu anahama.

Mkaazi wa Micheweni

Nimeviandika vyote. La mwisho: karafuu zilizoanikwa uani nani azilinde, doria au mwenyewe?

Mfugaji

Mwenyewe. Doria haiwezi kuzunguka majamvi ya nyumba 210. Jua likizama zikusanywe ziingizwe ndani hata kama hazijakauka, zitandazwe sakafuni zisirundikwe zikachemka na kugeuka mpeta, yaani karafuu zilizoharibika. Doria iangalie mikarafuu yenyewe mashambani, kwa sababu mbichi huvunjwa pamoja na matawi yake alfajiri, na tawi lililovunjwa halizai msimu ujao. Zilizokauka zipelekwe kituo cha ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, mapema, zisikae chumbani wiki tatu zikisubiri arusi.