Mrejesho: ibada ya nyumbani, baada ya miezi 3

Bwana asifiwe, ndugu zangu. Niliuliza hapa nifanyeje nyumba yangu iwe na ibada, maana nafanya kazi za zamu bandarini Kilindini, Mombasa, nyumbani ni Likoni, ng'ambo ya feri, na nikivuka feri usiku nakuta watoto washalala. Asanteni sana kwa majibu yenu.

Ushauri wa kuamka saa kumi alfajiri niliufuata wiki 2, ukanishinda. Zamu ya usiku ikifika, alfajiri hiyo sina. Kilichotufaa ni neno la mama mmoja: walioko waanze, baba asingojewe. Sasa mke wangu na watoto huomba saa moja na nusu wakishakula, simu juu ya kabati isipokuwa moja, ambayo nami huwapigia nikipata nafasi, niwahi hata sala ya mwisho. Methali ina sura 31, kwa hivyo twasoma sura ya tarehe ya siku. Sura nzima iliwachosha wadogo, tukapunguza hadi mistari 5. Juzi yule wa miaka 7 alimwombea kondakta wa matatu aliyemrudishia mamake chenji iliyozidi. Machozi yalinitoka.

Kijana wangu mkubwa bado hakai nasi kwenye ibada. Nilimlazimisha mara moja, tukakosana, nikamwomba msamaha. Siku hizi Jumapili twavuka feri pamoja kwenda kanisani, na hapo ndipo huzungumza nami. Ule ushauri wa kufunga kila Ijumaa sijauweza. Mnaoendelea kutuombea, mtangulizeni huyo kijana wangu.