Naombeni ushauri, kusoma Biblia kila siku kunanishinda

Wapendwa naombeni mnisaidie, hili jambo linaninyima amani. Kila Januari naanza mpango wa kumaliza Biblia nzima kwa mwaka, Mwanzo naenda vizuri, Kutoka pia, nikifika Walawi kwenye zile sheria za sadaka nakwama hapohapo, mwaka wa 3 sasa. Usiku nikifungua nasinzia, asubuhi nashika simu nisomee humo mara meseji zimeingia, nakuja kushtuka muda wa kazi umefika na hata kuomba sijaomba (aibu kwa kweli). Kuna mtu kaniambia niachane na sura tatu tatu kwa siku nianze na Marko, ina sura 16 tu. Nikiruka hivyo ni sawa au ndo uvivu? Nyie mnaorudi kazini mmechoka mnampa Mungu saa ngapi?