Tupeane uzoefu: kuishi ndani ya basi dogo la Kosta, Mwanza na kandokando ya ziwa

Mwenye uzi: Wakuu, kuna mdau anataka kung'oa viti vya Kosta, aweke kitanda, jiko na friji, aishi humo moja kwa moja kati ya Nyegezi, Kirumba na Magu. Hadithi za safari tuziache. Mwageni vipimo, na kinachoharibika kwanza.

Waya Mnene: Naanza na umeme, maana ndiko hela inakopotelea. Friji ndogo ya volti 12 kwa joto letu hula kama Ah 40 (ampea-saa, yaani ampea mara saa) kwa siku. Feni ya ampea 2 ikizunguka usiku kwa saa nane ni Ah 16. Ongeza taa na simu, unagusa 65. Betri ya asidi ya Ah 100 usiishushe chini ya nusu, kwa hiyo moja haitoshi: nunua mbili, au moja ya lithiamu ambayo unaweza kuila mpaka asilimia 80. Paneli ya wati 200 siku ya jua kali hurudisha Ah 60 hivi. Ya mawingu usiitegemee, chukua wati 300. Hapa tupo digrii mbili na nusu tu kusini mwa ikweta, hivyo kuilaza bapa juu ya paa ni sawa. Inyanyue sentimita 5 hewa ipite chini, paneli ikichemka umeme unapungua.

Sasa kosa la kila siku. Friji inajizima usiku na betri imejaa, mtu anakimbilia kununua betri nyingine. Tatizo ni waya! Kutoka betri hadi friji mita 6, kwenda na kurudi 12. Kwa waya wa milimita za mraba 1.5, kompresa ikivuta ampea 10 wakati wa kuwaka, volti 1.4 zinaishia njiani. Betri ina 12.4, friji inaona 11, inajikata. Vuta waya wa milimita za mraba 6, upotevu unashuka hadi 0.35. Fyuzi ikae pale pale kwenye betri. Ukiiweka upande wa friji, waya ukichunika katikati utawaka na fyuzi nzima inakutazama.

Mama Mtungi: Kaka Waya umemaliza, mimi nina gesi tu. Plate moja ikiwaka kwa nguvu hula gramu 180 hivi kwa saa, kwa hiyo mtungi wa kilo 6 ni kama saa 33. Ukipika saa moja na nusu kwa siku, wiki tatu umeisha. Maharage chemshia mkaa nje, jamani. Gesi ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatuama sakafuni, kwa hiyo toboa tundu chini kabisa ya kabati la mtungi, litokee nje ya gari. Dirisha la juu halisaidii kitu. Kila ukibadilisha mtungi, paka povu la sabuni kwenye rejeta na maungio ya mpira. Likitoa mapovu, funga.

Mgeni wa Magu: Dada, na maji je? Ziwa si lipo mlangoni?

Ndoo Mbili: Lipo, na kichocho kipo. Maji ya ufukweni usiyaoge yakiwa mabichi. Yachote, yafunike, yakae saa 48 ndipo uyaogee, vimelea vinakuwa vimekufa. Hayo bado si ya kunywa, ya kunywa chemsha. Ndiyo maana ndoo au simtanki ziwe mbili, moja inakaa, moja inatumika. Watu wawili wenye nidhamu hutumia lita 50 kwa siku. Lita 100 ni kilo 100, kwa hiyo tanki likae karibu na ekseli. Ukilibebesha mkia wa gari, usukani mbele unakuwa mwepesi.

Choo: ndoo yenye kiti, mkojo uende dumu lake, juu ya kinyesi mwaga maranda ya seremala kopo moja. Vikichanganyika ndipo harufu inapoanza. Ziwani hapamwagwi kitu.

Waya Mnene: Nyongeza ya kuegesha. Mchana upepo hutoka ziwani, usiku hugeuka ukatoka nchi kavu, hivyo dirisha la kitandani lielekee mlimani. Usijibanze kwenye mawe makubwa, yanatema joto la mchana mpaka usiku sana. Wale wadudu wa ziwani wanaopanda kama moshi wanafuata mwanga: zima taa, kisha ndiyo ufungue mlango.

Ndoo Mbili: Na Magu kuelekea Lamadi, masika, usitoke nje ya lami. Udongo mweusi ule ukilowa, Kosta inazama mpaka difu (gia ya ekseli ya nyuma) na jeki haina pa kusimama. Beba ubao wa inchi 2 wa kuweka chini ya jeki.