Tupeane uzoefu: Kulenga shabaha kwa upinde ukiwa juu ya dungu

Mwana wa Jilore: Juzi nilipita katika shamba la marehemu babu, nikaziona nguzo za dungu la kulindia mahindi bado zimesimama, nikakumbuka aibu iliyonipata pale juu. Nikiwa chini, nililipiga gunia la makumbi kwa hatua ishirini bila kukosa. Nilipopanda, mishale mitatu mfululizo ilipita juu yake. Wenzangu yaliwakuta yapi?

Mgema Mstaafu: Hayo hayo, na wala si upepo wa kusi.

Fundi wa Vigumba: Aliye juu hukadiria umbali kwa mstari wa jicho, ilhali mshale hushuka kwa kadiri ya masafa ya ardhini. Jicho likiwa kwenye kimo cha mita 6 na gunia liko mita 8 kutoka chini ya dungu, jicho huona mita 10. Lenga kama aliye mita 8.

Kijana wa Kakuyuni: Mzee wangu, hesabu ni sahihi, lakini tofauti ya mita 2 haiwezi kuupitisha mshale juu ya gunia zima. Kosa ni kuuteremsha mkono wa upinde peke yake. Vuta ukiwa umenyooka, upote, ile kamba ya upinde, uguse kidevu, ndipo uiname kutoka kiunoni.

Fundi wa Vigumba: Mwanangu, nimechonga mishale kabla hujazaliwa.

Kijana wa Kakuyuni: Kuchonga si kulenga, mzee.

Bi Makuti: Ninyi mnabishania mita, mimi nilianguka. Ilikuwa baada ya mvua za El Nino za 1997, na fito za dungu letu zilikuwa zimeoza ndani bila kuonekana. Kaka yangu alinipa upinde wake, nikavuta, nikainama kiunoni kama anavyofundisha huyo kijana, lakini ncha ya chini ya upinde ilikuwa imeegemea ufito wa ukingoni. Nilipoachia, upinde ulinirudi kifuani, ufito ukakatika, nami nikajikuta kwenye matuta ya muhogo, mkono umevunjika. Mshale ulichoma nguzo, shubiri moja kutoka vidole vya kaka.

Mgema Mstaafu: Pole sana, dada. Kaka alisemaje?

Bi Makuti: Aliniomba nisimwambie mama.

Mpita Njia: Na nyani wanaokula mahindi je, hamuwalengi?

Fundi wa Vigumba: Uwindaji umepigwa marufuku hapa Kenya tangu 1977. Lenga gunia.

Mpita Njia: Waata, wale wawindaji wa jadi, waliangusha ndovu kwa pinde.

Fundi wa Vigumba: Wakiwa chini, tena zamani. Hapa tunazungumzia dungu.

Mgema Mstaafu: Sisi wagema husema: jifunge kamba kwanza, ndipo uulizie shabaha.

Mwana wa Jilore: Nashukuru. Nguzo zile zimeliwa na mchwa, kwa hiyo Jumamosi nitajaribu kutoka kwenye mwembe.

Bi Makuti: Tazama majimoto kwanza, wale chungu wekundu wa mitini, mdogo wangu. Wakikupanda wakati umevuta upote, hutakumbuka kiuno wala kidevu.