Je, kumpa mraibu sindano mpya si kumchochea?

Mdadisi:
Ndugu zangu, naomba kuelimishwa. Mdogo wangu anajidunga heroini, na kila wiki kituo kimoja cha afya humpa sindano na mabomba mapya bila malipo. Wazee wetu wamekasirika, wanasema huko ni kumpalilia ugonjwa badala ya kuung'oa. Je, huduma hii inamsaidia au inamzamisha?

Muuguzi wa Zamu:
Pole sana, ndugu yangu. Mtu aliyeshikwa na arosto, yaani mateso ya kukosa dawa, viungo vikimuuma na jasho likimtiririka, hasubiri apate bomba jipya. Hutumia lililo karibu, hata kama mwenzake amelitoa mshipani sasa hivi. Kabla ya kusukuma dawa, huvuta kwanza damu kidogo ili ahakikishe ameupata mshipa, na masalia ya damu hiyo hubaki ndani ya bomba hata likisuuzwa kwa maji. Katika majaribio ya maabara, virusi vya homa ya ini aina ya C vilidumu ndani ya mabomba hadi siku 63. Bomba jipya linazuia damu hiyo. Uraibu haukuletwa na bomba hilo; alikuja nao. Tena, muulize kuhusu kijiko, maji na pamba ya kuchujia, kwa sababu wapo wanaojihadhari wasichangie sindano lakini wakachota dawa kwenye kijiko kimoja.

Msoma Historia:
Niongeze kwamba huduma hii haikubuniwa na watu wanaoshabikia dawa za kulevya. Ilianza Amsterdam mwaka 1984, chama cha watumiaji wenyewe kilipohofia homa ya ini aina ya B. Edinburgh, Scotland, ambako sindano zilikuwa adimu na polisi wakiwanyang'anya watu walizokuwa nazo, kliniki moja ilibaini kufikia 1986 kwamba takriban nusu ya wagonjwa wake wanaojidunga waliopimwa walikuwa na VVU. Marekani nayo, katika kaunti ya Scott, jimbo la Indiana, ilichelewa hadi 2015: gavana aliruhusu sindano zigawiwe baada ya VVU kuwa tayari vimelipuka, na kufikia mwisho wa mwaka huo watu zaidi ya 180 walikuwa wamegunduliwa na VVU katika kaunti yenye wakazi takriban 24,000.

Mzazi:
Sipingi, ila ninahofia sindano zinazotupwa ovyo, watoto wakazikanyaga.

Muuguzi wa Zamu:
Hofu yako ni ya haki, mzazi mwenzangu, na ndiyo sababu tunawapa pia kisanduku kigumu cha kurudishia zilizotumika. Ninachokataa ni sharti la kurudisha moja ndipo upewe moja: aliyepoteza yake huondoka mikono mitupu, akaazime ya mwenzake. Mdadisi, waulize pia kuhusu methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini, kwani mlango wa sindano ndio ambao wengi hupitia kuifikia.

Mdadisi:
Nashukuruni. Jioni hii nimemuuliza kuhusu kijiko. Amenyamaza kitambo, kisha akasema wanatumia kimoja, yeye na wenzake wawili. Kesho tutakwenda pamoja akapimwe.