Vipele kwenye majani ya mlimau

Mkulima wa Lushoto:
Wakuu, majani machanga ya mlimau wangu yana vipele juu. Nikiyageuza, chini ya kila kipele kuna kishimo, na ndani kadudu bapa ka manjano kametulia tuli. Ni ugonjwa?

Dada Bustani:
Ni mdudu, kaka. Anaitwa Trioza, jamaa ya vidukari. Jike hutaga pembeni mwa jani changa. Mtoto huhamia chini, anafyonza utomvu, na jani linakua likimzunguka mpaka kishimo kinakuwa chumba chake. Jani lililokomaa haliwezi, ndiyo maana anakuja mti ukichipua. Tena hupenda baridi ya milimani kwenu. Joto kavu huua mayai.

Mkulima wa Lushoto:
Asante dada. Niyakate?

Dada Bustani:
Vipele haviui mti. Ninachokiogopa mimi ni bakteria anaowabeba: majani yanapata mabaka ya manjano, matunda yanabaki madogo, yamepinda, machungu. Mti ukifika hapo ng'oa, usiuonee huruma, utaambukiza mingine.

Mzee wa Miche:
Kabla ya kupuliza dawa, angalia vizuri. Kadudu ka kahawia, kakavu, chenye tundu mgongoni, kameshaliwa na nyigu mdogo. Dawa itamuua na huyo.