Upinzani tuliouchagua umeingia serikalini. 2027 tunamdai nani?

Mtunza Stoo (Malindi):
Habari zenu wanajukwaa. Nauliza kwa uchungu, na nawaomba mnijibu bila matusi.

Mimi ni mtunza stoo hotelini, mshahara 40,000 kabla ya makato. Hati yangu ya mshahara inasomeka hivi: tozo ya nyumba 600, SHIF (bima ya afya ya serikali) 1,100, NSSF (akiba ya uzeeni) 2,400. Jumla 4,100, na PAYE, kodi ya mapato, bado haijaguswa. Nina watoto wawili sekondari.

2022 nilipigia Azimio, muungano wa Raila Odinga. Mwaka uliofuata, serikali ilipoleta tozo ya nyumba ya asilimia 1.5 na kupandisha VAT ya mafuta kutoka asilimia 8 hadi 16, viongozi wetu walituita barabarani, watu wakatoka na sufuria vichwani. Wako waliopigwa risasi wakafa. Juni 2024 vijana wakatoka tena, wakafa tena, safari hii hadi Bunge likaingiliwa. Rais Ruto akakataa kutia saini Mswada wa Fedha, akavunja baraza la mawaziri. Na walioitwa kujaza viti ni akina nani? Wakubwa wa ODM, chama kikuu cha Azimio. Mbadi akapewa Hazina, Wandayi Kawi, Oparanya Ushirika, na Joho wetu wa Pwani akapewa Madini. Machi 7, 2025 UDA, chama cha Rais, na ODM wakatia saini makubaliano ya vipengele 10 pale KICC, Nairobi.

Tozo ya nyumba imo palepale kwenye hati yangu. Mbadi, aliyekuwa mwenyekiti wa chama kilichoipinga, ndiye sasa waziri wa fedha.

Nikiwageukia waliobaki nje, nasikia "wantam", yaani Ruto apate muhula mmoja tu. Sawa, aondoke. Halafu? Gachagua alikuwa naibu wa rais sheria ile ya 2023 ilipopitishwa, na yeye ndiye aliyetuambia serikali ina wenye hisa, aliyewekeza ndiye avune. Kwenye mikutano yao niliyohudhuria hapa sijasikia hata mmoja akieleza SHA, mamlaka ya hiyo bima ya afya, itarekebishwa vipi, wala makato haya yakifutwa pengo litazibwa na nini.

Sasa mtu kama mimi anamdai nani?

Bahari Kuu:
Ndugu yangu, usimdai mtu. Siku ya kura lala nyumbani. Wote baba mmoja mama mmoja. Tangu handisheki ya Uhuru na Raila ya Machi 2018 mimi nilishaelewa kwamba upinzani Kenya ni chumba cha kungojea zamu.

Mwana wa Magarini:
Naomba kutofautiana na mtoa mada kwa heshima. Pwani tumekaa nje ya serikali miaka mingi tukipiga kelele, tumepata nini? Raila, Mungu amrehemu, aliona nchi inawaka akaamua kuizima. Na watu wa hapa hawakukasirika kama unavyodai. Uchaguzi mdogo wa Novemba 2025 kwetu Magarini, ODM ilishinda na DCP, chama cha Gachagua, ikawa ya pili. Watu wameamua.

Mtunza Stoo (Malindi):
@Mwana wa Magarini, nakuheshimu, na sipingi kwamba nchi ilihitaji kutulia. Ila nijibu hili: ndani ya yale makubaliano, kipengele gani kimepunguza makato ya mtu wa mshahara wa 40,000? Waziri kutoka kwetu ni fahari, lakini mimi silipi karo kwa fahari. Kama walikwenda kutusemea, waje watueleze wamesema nini na wamejibiwa nini. Hilo tu. Tangu wateuliwe sijaona kikao cha kutueleza hapa mtaani kwetu, zaidi ya harambee na mazishi.

@Bahari Kuu, kulala nyumbani sikubali. 2022 tofauti ya Ruto na Raila ilikuwa kura kama 233,000. Waliojiandikisha wasipige kura walikuwa zaidi ya milioni 7. Hao waliolala ndio waliotuamulia, na tozo wanakatwa vilevile.

Bi Katiba:
Mtoa mada, shikamoo kama wewe ni mkubwa kwangu. Nimefanya kazi za uchaguzi, kwa hiyo nitakwambia ninayoyajua.

Unaangalia Agosti 2027 wakati mambo huamuliwa kwenye mchujo, ile kura ya ndani ya chama ya kumpata mgombea. Huku kwetu ukishapata tiketi ya chama kikubwa umeshafika nusu ya safari, na wanaopiga kura ya mchujo ni wanachama waliosajiliwa. Kwa hiyo kwanza ingia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kwenye huduma za Msajili wa Vyama, uangalie wewe ni mwanachama wa chama gani. Usishtuke ukikuta chama usichokijua. 2021 Wakenya wengi walijikuta wamesajiliwa bila idhini yao. Unaweza kujiondoa papo hapo.

Pili, chama si mali ya kiongozi. Kuna Hazina ya Vyama vya Kisiasa, na kisheria hutengewa si chini ya asilimia 0.3 ya mapato ya serikali kuu. Ni kodi yako. Mwenyekiti wa tawi akikwambia sera ni siri ya wakubwa, mwambie hivyo.

Tatu, mkichoka na vyama vyote, Katiba inaruhusu mgombea huru. Ubunge anahitaji saini za wapiga kura 1,000 wa eneo bunge, udiwani 500 wa wadi. Asiwe mwanachama wa chama chochote katika miezi mitatu kabla ya uchaguzi. Wadi moja kupata saini 500 si mlima.

Bahari Kuu:
Mgombea huru akishinda si atanunuliwa tu wiki ya kwanza?

Bi Katiba:
Huenda. Na wa chama je, hanunuliwi? Tofauti ni kwamba huyu mmemtafuta wenyewe, mnajua kwao.

Mtunza Stoo (Malindi):
Marahaba dada, na ahsante sana. Nimeingia eCitizen sasa hivi. Nimesajiliwa chama ambacho sijawahi kuhudhuria hata mkutano wake. Nimejiondoa. Bado sijaamua nijiunge na kipi, lakini hapa kazini tuko watu kadhaa wenye hati kama yangu, na kila anayekuja kutuomba kura za mchujo tutamwekea hiyo hati mezani, atusomee mstari wa nyumba na wa SHIF, aseme ataufanya nini. Akianza wimbo, tutamwomba arudi kwenye swali.

Bi Katiba, hizo saini 500 zinakusanywa kwa fomu ya IEBC, tume ya uchaguzi, au karatasi yoyote?